Jinsi ya Kuandika Historia ya Mgomo wa Mji Mzima: Mfano wa Mombasa 1947

Kuanzia Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 hadi Jumamosi tarehe 25, mji wa Mombasa ulisimama. Waligoma makuli wa bandari ya Kilindini, wakagoma watu wa reli, wakafuata wapishi na maboi wa majumbani, wahudumu wa hoteli na matarishi wa maofisini. Kwa jumla watu wapatao 15,000. Hapakuwa na chama chenye ofisi na muhuri kilichoutangaza mgomo huo. Chama kilizaliwa humohumo mgomoni, kikaitwa African Workers Union, na muda mfupi baadaye African Workers Federation.

Anayekaa kuandika habari za mgomo wa namna hii hukwama mapema, kwa sababu huanza kwa kutafuta vitu visivyokuwapo: orodha ya wanachama, kumbukumbu za vikao, barua ya madai yenye saini. Atakachokuta ni majalada ya serikali, magazeti ya walowezi, uamuzi wa baraza la kusuluhisha, na familia zinazosimulia walivyokula siku zile. Hapa tunaeleza jinsi ya kuviunganisha vitu hivyo hadi vitoe historia inayoweza kusimama. Mfano mkuu ni Mombasa, lakini utaratibu wenyewe unafaa pia kwa Dar es Salaam ya Septemba 1947, Unguja ya 1948 na Nairobi ya Mei 1950.

Tarehe kwanza, majina baadaye

Chukua daftari kubwa, utenge kurasa mbili zinazotazamana kwa kila siku ya mgomo. Kwa Mombasa ni siku 13, yaani kurasa 26. Ongeza nyingine za wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Ukurasa wa kushoto ni wa kilichotokea, pamoja na saa na mahali. Ukurasa wa kulia ni wa aliyesema: ni nani, alisema au kuandika lini, na siku ile alikuwa wapi. Usiandike neno kushoto kabla ya kujaza kulia. Ukikiuka sharti hili mara moja tu, baada ya miezi miwili hutakumbuka kama habari ya mkutano fulani ilitoka kwa mpelelezi wa polisi au kwa mjukuu wa aliyehudhuria, na mizani ya habari hizo mbili si moja.

Tarehe huharibika kwa njia zinazojulikana. Gazeti la asubuhi huandika mambo ya jana, na tarehe iliyo juu ya ukurasa si ya tukio. Telegramu ya serikali kwenda London hubeba tarehe ya kutumwa. Saa nazo zina mtego wake: shahidi akisema kwa Kiswahili "saa mbili" anamaanisha saa 8 asubuhi, na mkalimani asiye makini huandika namba 2 vilevile. Ukiona katika maelezo ya Kiingereza kwamba watu walikusanyika saa 8 usiku bila sababu ya maana, jaribu kuongeza au kupunguza saa sita kabla hujajenga hoja juu yake.

Tena andaa kalenda ya pili, ile ambayo watu wa pwani waliishi nayo. Mgomo wa 1947 ulianza katikati ya Mfungo Tano mwaka 1366 Hijria, ukamalizika Mfungo Sita ukiwa ndiyo kwanza umeandama, siku kama kumi kabla ya Maulidi. Ilikuwa kaskazi, joto kali, na majahazi ya Uarabuni yalikuwa msimu wake. Kwa hiyo anayekwambia "Maulidi yalikuwa karibu" anakupa ushahidi mzuri kuliko anayetaja tarehe aliyoisoma mahali. Anayekwambia ilikuwa Ramadhani, msikilize vizuri: Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Julai na Agosti, na Agosti ndiyo Chege Kibachia, rais wa African Workers Federation, alikamatwa. Huenda anakumbuka kukamatwa kwake, si mgomo.

Hakikisha ni mgomo upi

Mombasa haikugoma mara moja. Makuli waligoma 1934. Mwishoni mwa Julai 1939 waligoma vibarua wa Idara ya Ujenzi wa Serikali, mgomo ukaruka kutoka mahali pa kazi hadi pengine na kufika gatini mwanzoni mwa Agosti. Ndipo ikaundwa Tume ya Willan kuchunguza. Ukaja huu wa Januari 1947. Machi 1955 makuli wakagoma tena, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingia katikati kama mpatanishi.

Kumbukumbu za familia huikunja migomo hii minne ikawa mmoja. Ifungue kwa alama. Akitajwa Mboya, unazungumzia 1955, maana mwaka 1947 alikuwa bado mwanafunzi. Akitajwa Eliud Mathu kuja kuwasihi watu warudi kazini, ni 1947. Mathu alikuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, tangu 1944. Likitajwa jina la Jaji Thacker, aliyeongoza baraza la kusuluhisha, pia ni 1947, ingawa wengi humjua kwa kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria aliyoisikiliza baadaye.

Kuhusu neno "mgomo mkuu", kuwa mkali. Lifae tu pale ambapo waajiri wengi wasiohusiana wamegomewa kwa pamoja, huduma za mji zimesimama, na kurudi kazini kumeamuliwa kwa pamoja. Mgomo wa 1955 ulikuwa mkubwa sana, ulifunga bandari, lakini ulikuwa wa bandari. Ule wa 1947 uliingia jikoni mwa watu.

Andika kazi kwa kazi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Historia nyingi za migomo hufuata viongozi kwa sababu viongozi wana majalada. Lakini mgomo wa mji mzima huwezi kuuelewa kwa kumfuata mtu mmoja jukwaani. Unauelewa kwa kujua mpishi wa nyumba moja alijuaje kwamba kuli wa Kilindini hajaenda kazini, na kwa nini naye hakwenda.

Tengeneza jedwali. Kila mstari ni kazi moja: makuli wa melini, makuli wa nchi kavu, mahamali wa mikokoteni, watu wa reli, wafagiaji wa manispaa, wahudumu wa hoteli, wapishi, maboi, mayaya, matarishi, makarani, madobi, wauza maziwa. Safu ni hizi: siku waliyoacha kazi, mwajiri, walilipwa kwa siku au kwa mwezi, waliishi wapi, habari iliwafikiaje, siku waliyorudi, walipata nini. Safu ya makazi usiiruke. Boi aliyelala chumba cha uani kwa bwana wake alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko kuli aliyepanga mtaa wa Majengo, kwa kuwa kugoma kwake kulikuwa kupoteza kazi na kitanda siku hiyohiyo. Ukikuta kwamba naye aligoma, uliza alilala wapi usiku wa kwanza. Jibu la swali hilo hukupeleka kwa ndugu, kwa watu wa kijiji kimoja, kwa chama cha ngoma au msikiti, na hapo ndipo utaona mgomo ulivyobebwa.

Karani mweke mstari wake peke yake. Karani aliandika barua na kufasiri, lakini mshahara wake na wa kuli havikulingana, na si kila karani aligoma siku ya kwanza. Kumchanganya na "wafanyakazi" kwa ujumla kunafuta mvutano uliokuwapo ndani ya mgomo.

Mikutano ilifanyika kwenye kiwanja cha mpira ambacho wagomaji wenyewe walikiita Kiwanja cha Maskini. Jina hilo linastahili ukurasa mzima wa daftari: nani alilitumia, tangu siku gani, na nani aliendelea kuliita eneo hilo kwa jina lake la zamani. Watu waliotoka makabila na dini mbalimbali walipokubali kujiita maskini, kwa Kiswahili, mahali pa wazi, walikuwa wameshafanya kazi ambayo kwa kawaida huchukua chama miaka.

Idadi: usinakili, hesabu

Namba 15,000 inatosha kama kadirio la jumla. Ukishuka kwenye kazi mojamoja, chunguza kilichohesabiwa. Makuli wengi walikuwa vibarua wa siku: wanaitwa asubuhi, wengine wanachaguliwa na serahangi, yaani msimamizi wa kundi, wengine wanarudishwa. Tuseme kwa mfano tu kwamba kampuni ina majina 400 kwenye orodha na kila siku inahitaji watu 250. Ofisa mmoja ataandika waliogoma ni 400, mwingine 250, na wote wawili wamesema kweli kwa kipimo chao. Andika kipimo pamoja na namba.

Kuna pia waliokosa kazi kwa sababu ya mgomo bila wao kugoma: treni haikuja, mzigo haukushuka, mwajiri akafunga lango. Ripoti ya serikali ya "wasiofika kazini" huwameza wote. Na wapo walioondoka mjini kurudi kwao hadi mambo yatulie. Hao watafute kwenye tiketi za reli na kivuko, si kwenye taarifa za mikutano.

Mshahara na bei

Kabla ya kusema watu waligoma kwa sababu ya njaa, onyesha njaa hiyo kwa senti. Fedha ya wakati ule ni shilingi ya Afrika Mashariki, senti 100 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Kosa la kwanza ni kuchukua malipo ya siku na kuzidisha kwa 26. Kibarua hakufanya kazi siku 26. Ukichukua, kwa mfano wa hesabu, shilingi 2 kwa siku, siku 26 ni shilingi 52, lakini siku 15 ni shilingi 30, na tofauti hiyo ndiyo kodi ya chumba na zaidi. Kosa la pili ni mwezi wa tikiti: palikuwa na mkataba wa siku 30 za kazi, ambazo zilichukua muda mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Ukigawa kama mwezi wa kawaida, unampa mfanyakazi pesa ambazo hakuzipata.

Upande wa matumizi, panga kapu la mtu mmoja asiye na familia mjini: unga, kodi ya chumba au kitanda, mkaa au kuni, mafuta ya taa, sukari, chumvi, mboga, sabuni, nguo moja kwa miezi kadhaa. Halafu panga kapu la pili la mwenye mke na watoto wawili. Tofauti ya makapu hayo mawili ndiyo ugomvi wenyewe, kwa sababu mishahara ya kikoloni ilipangwa kana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la nyumbani bara. Bei zitoe mahali pawili: bei iliyotangazwa na serikali, maana udhibiti wa wakati wa vita ulikuwa haujaisha, na bei ambayo watu walilipa kweli dukani. Hizi hazikulingana, na ushahidi wa ile ya pili mara nyingi uko kwenye kesi za wenye maduka waliokamatwa kwa kuuza juu ya bei.

Usigeuze shilingi za 1947 kuwa pesa za leo. Geuza kuwa chakula: mshahara wa siku ulinunua vibaba vingapi vya unga? Vibaba vinne ni pishi moja, na msomaji wa pwani ataona kwa macho yake kilichokuwa sufuriani.

Nyaraka ziliko na jinsi ya kuzisoma

Majalada ya Idara ya Kazi yako Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, mengi chini ya herufi LAB. Tafuta pia ya Mkoa wa Pwani na ya mkuu wa wilaya. Mawasiliano ya serikali ya Kenya na London yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, hasa mfululizo wa CO 533. Magazeti ya kuanzia ni Mombasa Times na East African Standard, na kwa Kiswahili Baraza, lililoanza 1939. Makhan Singh, aliyejenga chama cha wafanyakazi Nairobi tangu 1935, aliandika mwenyewe historia ya vyama hadi 1952, ikachapishwa 1969. Isome kama ushahidi wa mshiriki, yenye thamani kubwa na yenye upande.

Ingia na kalamu ya risasi. Piga picha jalada la nje kwanza, kisha kila ukurasa kwa mfuatano, hata ule ulio mtupu, na namba kamili ya jalada ionekane angalau kwenye picha ya kwanza na ya mwisho. Maandishi ya pembeni ya ofisa kwa ofisa yasome kuliko barua zenyewe: barua imeandikwa ili isomwe na mkubwa, pembeni mtu ameandika anachofikiri.

Kuna kosa moja ambalo limeharibu maandiko mengi na ni rahisi kuliepuka. Mpelelezi alisikia hotuba ya Kiswahili, akaiandika kwa Kiingereza kwa ufupi. Mwandishi wa leo anairudisha kwa Kiswahili na kuifungia alama za nukuu kama maneno ya msemaji. Maneno hayo hayakutamkwa na mtu yeyote. Andika "kwa taarifa ya polisi, alisema kwamba…", bila alama za nukuu. Nukuu iwe tu pale ulipo na maandishi ya Kiswahili ya wakati ule au sauti ya mtu mwenyewe.

Rejista za mahakama usizisahau. Tangu sheria ya mabwana na watumishi ya 1906, kuacha kazi ya mkataba kuliweza kumpeleka mtu jela, na mzigo huo haukuisha sheria zilipobadilishwa jina. Mara nyingine orodha ya washtakiwa ndiyo mahali pekee ambapo jina la boi au mfagiaji limeandikwa.

Kuhoji

Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mgomo alizaliwa 1931 au mwanzoni mwa 1932. Wengi utakaowapata ni watoto na wajukuu, basi tenganisha tangu mwanzo: uliona, uliambiwa na aliyeona, au ulisikia mtaani? Weka alama tatu tofauti pembeni mwa maandishi.

Nenda na mtu anayejulikana mtaani, amkia inavyostahili, na usitoe kinasa sauti kabla kikombe ulichokaribishwa hakijaisha. Usimuulize bibi "mgomo ulikuwaje", kwa sababu atakupa alichosikia redioni. Muulize: siku zile unga ulitoka wapi? Nani alikopesha dukani, na baadaye alidaije? Baba alikaa nyumbani mchana, au alitoka na kurudi saa ngapi? Kuna mtu wa ukoo aliyekwenda kazini wakati wenzake wamegoma, na aliitwaje? Swali la mwisho liulize ukiwa peke yako naye, na jina utakalopewa lisiingie kwenye maandishi bila ruhusa ya familia. Aibu ya mvunja mgomo hurithiwa.

Pata wanawake wa kutosha. Mwuza vitumbua, mwenye nyumba ya kupangisha na mke wa kuli ndio waliojua mgomo ungeweza kuendelea siku ngapi zaidi, kwa kuwa wao ndio waliojua kilichobaki ndani.

Viongozi na majina ya vyama

Kibachia alikamatwa miezi saba baada ya mgomo, akapelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo, akakaa huko miaka kumi. Ukubwa wa adhabu huwafanya waandishi wamweke mbele ya kila tukio la Januari. Andika alichofanya siku ambayo una ushahidi nayo, na uwape nafasi wale waliozungumza kiwanjani kabla yake.

Majina ya mashirika yabadilike kwa tarehe zake. Chama cha Makhan Singh kilikuwa Labour Trade Union of Kenya 1935, kikawa of East Africa 1937. East African Trades Union Congress iliundwa tarehe 1 Mei 1949, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Walikamatwa tarehe 15 Mei 1950, na kesho yake Nairobi ikagoma. Kati ya madai ya mgomo huo ilikuwa kuachiliwa kwao pamoja na Kibachia, na huo ni uzi unaoifunga Nairobi na Mombasa moja kwa moja. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, ni ya 1965. Ukiiona katika habari ya 1947, msimulizi amechanganya.

Ukiandika Dar es Salaam, anza gatini tarehe 6 Septemba 1947, ufuate reli kwenda bara, stesheni kwa stesheni. Unguja anza gatini tarehe 20 Agosti 1948, na uingie mjini Septemba.

Usiishie siku ya kurudi kazini

Mathu alipowahutubia, watu walirudi kwa ahadi kwamba malalamiko yatasikilizwa. Basi endelea na daftari. Chukua uamuzi wa baraza la Thacker, uweke kando ya jedwali lako la kazi, na kwa kila mstari uandike: wametajwa au hawakutajwa, wameongezwa kiasi gani, kuanzia lini, na mwajiri gani analazimika kulipa. Kisha tafuta nani hakurudishwa kazini. Mstari utakaobaki mtupu usiujaze kwa kukisia. Uache mtupu kwenye andiko la mwisho pia, ukionekana, ili mwenye karatasi ya babu yake sandukuni ajue ni wapi inahitajika.

Nakala ya kila sauti iachie familia iliyokupa, na nyingine uipeleke maktaba au hifadhi ya mji wenyewe, pamoja na daftari lako la tarehe.